Neno la Bwana Mbio

Nyandira, Mgeta
10 Januari 1993

Mjomba Bonifasi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta hapohapo Chimala, maana ile ya Oktoba ilirudi ikiwa imegongwa mihuri mitatu na hakuna aliyeifungua. Sisi wazima. Mama anasema kifua kimeacha kumsumbua tangu ahamishie kitanda karibu na jiko. Njegere tumevuna vizuri, ila ukungu umekaa wiki nzima na nguo hazikauki. Nguruwe mweusi amezaa tisa, na mmoja ana sikio moja. Tumemwita Nusu.

Nina mambo mawili. La kwanza ni langu. Novemba nitarudia mtihani wa Kiingereza, na nikianguka tena, ualimu basi. Mwalimu Joyce wa sekondari amenipa karatasi ya kujipima. Ilikuwa hadithi ya Bwana Brown na kijiji chake, na ndani yake neno 'run' lilitokea mara saba. Mimi nikalitafsiri mara saba kuwa kukimbia. Kwa hiyo kwangu Bwana Brown anakimbia na duka lake, pua ya mwanawe inakimbia, mto unakimbia, basi linakimbia kila Jumatatu, na barabara inakimbia kutoka kijijini hadi mjini. Mwalimu Joyce alicheka hadi akavua miwani. Pembeni akaandika: "Kijiji hiki kina haraka gani?" Wewe uko na Wazungu kila siku, mjomba. Neno hili wanalitumiaje?

La pili ni la mama, naandika anavyosema. Ukoo ulikaa baada ya arobaini ya Babu Paulo. Pole yako ya simu ilisomwa mbele ya watu. Wamekubaliana kwamba jina lake ulirithi wewe, mtoto wa dada yake. Unajua mwenyewe jinsi ilivyo: ukishakalishwa kwenye kigoda, wewe ndiye Paulo. Mama atakuita mjomba, na mimi nitakuita babu, hata kama huna mvi. Labda unazo, hatujui. Mimi nakukumbuka mgongo tu, siku ulipoteremka na tenga la kabichi nikiwa na miaka tisa. Wanauliza utakuja lini.

Babu alipokuwa anaumwa aliniambia nikuandikie salamu yake ileile ya kila mwaka: kipande chako cha mfereji ni kizima.

Ni mimi mpwa wako,
Filomena


Kambi ya Barabara, Chimala
21 Februari 1993

Mpwa wangu Filomena,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana kwa karani ikiwa na alama ya kikombe cha chai, maana yake imekaa mezani kwa mtu. Mwambie dada Magdalena shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, ambao jioni unajifanya mzee kuliko mimi. Tunachimba mitaro ya barabara kuanzia saa moja mpaka saa kumi na moja, jua la huku ni kali na vumbi lake ni jekundu. Ukiniona Jumamosi utadhani nimepakwa rangi. Msalimie Nusu.

Bwana Brown nimewasomea wenzangu mtaroni. Walicheka, kisha tukatazamana, maana sisi tulifanya makubwa zaidi.

Miaka mitatu iliyopita, kampuni hii ilipokuja na mashine zake, tuliletewa msimamizi mmoja mrefu, shingo nyekundu, hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Siku ya kwanza alisimama karibu na pampu, akamwonyesha fundi kidole, akasema 'run' kwa sauti kubwa. Fundi akakimbia. Sisi kumi na mmoja tulipomwona fundi anakimbia tukakimbia nyuma yake, maana juzi yake walikuwa wamelipua miamba na tulijua baruti haichagui. Tulisimama nyuma ya kontena, tunahema. Tulipochungulia, bwana yule alikuwa peke yake na pampu yake, mikono kiunoni. Alikuwa anataka iwashwe tu. Tangu siku hiyo anaitwa Bwana Mbio, na mwenyewe anadhani ni jina la heshima.

Sasa andika. Mashine iki-'run', inafanya kazi, inanguruma. Akisema maji yana-'run', yanatiririka, na hilo ndilo analoniambia mimi mara nyingi kuliko wote, kwa sababu mitaro yangu haituamishi maji. Wahandisi wanapima kwa vyombo, mimi natazama mteremko kwa jicho, halafu tunamwaga ndoo moja ya maji na kuona. Mwaka jana alikuja na wageni akawaonyesha mtaro wangu kama anaonyesha mtoto wake. Pua iki-'run', ni kamasi. Yeye mwenyewe huumwa mafua kila Juni na hutuarifu.

Hizo ni tatu, na kukimbia kwako ni ya nne. Jifunze hizo kwanza.

Lile jambo la pili nimelisoma. Nitaandika nikipata nafasi.

Mjomba wako,
Bonifasi


Nyandira, Mgeta
14 Machi 1993

Mjomba, shikamoo.

Mvua zimeanza na njia ya Kibaoni ni tope mpaka magotini. Mama amepona kabisa, sasa anagombana na kila mtu kama zamani. Nusu anakula kuliko wenzake wote.

Mwalimu Joyce amefurahi. Alisema Kiingereza cha mtaroni kina afya kuliko cha vitabuni. Hadithi ya pampu nilimsimulia, naye akaisimulia kidato cha tatu, na sasa shule nzima mtu akikosea wanamwambia, "Kimbilia nyuma ya kontena."

Lakini mjomba, nafasi haikupatikana? Mama ameniamuru nikueleze wazi. Kusafisha mfereji mwaka huu ni Jumamosi tarehe 12 Juni. Unakumbuka taratibu: kila mtu kipande chake, hakuna wa kumfanyia mwenzake isipokuwa mjomba kwa mpwa, na kipande kisichosafishwa siku hiyo mwenyewe anafutwa, na shamba lililo chini yake linapewa anayechimba. Babu hayupo. Kipande chake na kipande chako vyote vinakungoja wewe. Mama haruhusiwi, yeye ana chake. Msimamizi wa mfereji sasa ni Yeremia, mtani wetu, na unajua watani wasivyo na huruma. Mama alimwomba atusogezee siku, akajibu, "Mwambie ndugu yako maji hayana kalenda ya barabara. Asipokuja nitapanda kabichi juu ya kiti cha mjomba wake." Alikuwa anacheka, lakini daftari alilishika mkononi, na siku hiyo ikifika atalifuata.

Utakuja? Jibu hilo moja tu, hata kwa mstari mmoja. Na kama una maana nyingine za lile neno, ongeza.

Mpwa wako,
Filomena


Kambi ya Barabara, Uyole
2 Mei 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumehama. Barua yako ilifika Chimala sisi tukiwa tumeshaondoka, ikapanda lori la kokoto, ikashushwa, ikapanda jingine, na imenifikia juzi. Huku kuna baridi kama ya kwenu, na asubuhi ya kwanza niliamka nikanusa moshi wa kuni mbichi, nikasahau niko wapi kwa muda wa kuvaa kiatu kimoja. Mwambie dada nimepata sweta la mtumba zito sana.

Umeuliza maana nyingine. Zipo. Barabara ina-'run' kutoka hapa hadi mpakani, ndiyo kusema inakwenda, ingawa sisi tulioijenga tunajua haiendi popote, ipo pale pale na sisi ndio tunaokwenda. Basi lina-'run' kila siku, yaani linafanya safari, na siku hizi kila mwenye uwezo ananunua basi, yanafukuzana. Duka, unaliendesha. Huyo Bwana Brown alikuwa na duka lake halali, tulimwonea bure. Mkataba wangu una-'run' hadi Septemba, maana yake unaendelea. Shati langu jekundu nililifua pamoja na la Idrisa jeupe, na Bwana Mbio alipoliona la Idrisa limekuwa la waridi akasema neno lake hilohilo: rangi imechuja. Na kwenye redio yake, sasa vyama ni vingi na watu wanagombea viti, na kugombea nako ni 'run'.

Idrisa ni karani wetu, mtu wa Tanga, amefika kidato cha nne. Nilimuuliza kwa nini watu wenye meli na ndege wana neno moja kwa kazi zote hizi. Akasema maneno mengine wanayo, tena mazuri. Maji yana lake, mashine ina lake, duka lina lake, na akanitajia, 'flow', 'operate', 'manage'. Lakini mtu akiwa na haraka huchukua fupi. Akasema, "Ni kama wewe na panga. Unafyekea, unakatia nyama, unachimbia shimo la nguzo, juzi umeulia nyoka, na jana nimekuona unakata nalo kucha. Jembe na mundu unavyo." Nikaona kweli. Sisi Kiswahili chetu tumetundika kila chombo kwenye msumari wake, wao wana panga moja kiunoni.

Sasa kuhusu kuja. Tufanye hivi. Wewe una mtihani na mimi nina kazi ya kukutafutia maana za neno hili. Idrisa anasema ziko nyingi mno, yeye mwenyewe hajui mwisho wake. Nikimaliza kukuandikia zote, nitakuja. Nadhani hilo ni la haki.

Nimechoka, Filomena, nakwambia bila kuficha. Si kwamba napenda huku. Usinisukume.

Mjomba wako,
Bonifasi


Nyandira, Mgeta
20 Mei 1993

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima. Nusu ametoroka mara mbili na amerudi mwenyewe mara mbili, mama anasema ana akili kuliko baadhi ya watu wa ukoo huu. Sikutaja jina, na yeye hakutaja.

Nimesoma mapatano yako nikacheka, halafu nikaona unanichezea. Jumanne nilikwenda parokiani nikamwomba Padre kamusi yake kubwa, ile inayobebwa kwa mikono miwili. Hairuhusiwi kutoka, nikaisomea palepale sakristia siku tatu na kunakili. Karatasi nne ziko humu ndani, mbele na nyuma. Maana zote ziko hapo. Kuna ya samaki wanaopanda mto, ya soksi iliyofumuka, ya homa, ya kuku kuachiwa uwanja, ya habari kuchapwa gazetini, na nyingine hata Padre hakuzielewa. Zimekwisha, mjomba. Kazi niliyokupa nimekufanyia mimi. Sasa njoo.

Na kuna jambo nilidhani unalijua. Katika barua yako ya Februari hukusema neno juu ya salamu ya Babu, na nikakumbuka kwamba hujawahi kuijibu hata mara moja. Nilianza kukuandikia nikiwa darasa la tatu, na kila Juni Babu alinisimamia begani hadi niandike: kipande chako ni kizima. Unafikiri alikuwa anasema nini? Alikuwa anakupa taarifa tu. Kila mwaka alisafisha chake, akakaa, akavuta tumbaku, halafu akaingia kwenye chako, pale penye kona na mawe. Watu walimwambia aache. Akawajibu, "Mpwa wangu yuko kazini. Akirudi akute maji." Mwaka jana alikuwa na miaka themanini na mmoja, nilimshika mkono kumtoa mferejini. Ndiyo maana jina lako halijafutwa kwenye daftari miaka yote hii.

Siandiki zaidi. Tarehe 12.

Filomena


Uyole
1 Juni 1993

Filomena mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo mchana wakati wa ugali. Nimeisomea mtaroni, nikairudia, nikamwambia Idrisa ninaumwa macho.

Nitakueleza, maana umekua. Mwaka 1982 siku ya mfereji nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa sitaki tena mlima. Kipande changu kilikuwa kile cha kona, kibaya kuliko vyote. Nilichimba nusu. Nusu nyingine nikaifunika majani, ionekane imesafishwa, na kesho yake alfajiri, kabla maji hayajafunguliwa, nikajitwika kabichi nikateremka mjini, nikauza, nikapanda gari. Nilikuwa Gairo sokoni, nabeba magunia ya karanga, nilipokutana na mchuuzi wa kwetu. Akanieleza kwamba maji yalipofunguliwa yalifika kwenye kona yangu yakakwama, yakapasua ukingo, yakashuka na njegere zote za mjomba na robo ya kabichi za akina Yeremia. Alinisimulia kama kichekesho. Nami nikacheka naye, halafu nikaenda mbali zaidi, kwenye mkonge, kwenye miwa, kisha kwenye barabara.

Na kila mwaka barua ya mtoto inakuja: Babu anasema kipande chako ni kizima. Nilidhani ananisuta. Nilidhani mzee yule ameapa kunichoma kidole palepale mpaka afe, na nilikuwa namwona ana haki. Barua zako nilikuwa nazisoma nikifika mstari huo naruka. Miaka kumi na moja, Filomena, naruka mstari mmoja.

Mimi nimekuwa nachimba mitaro ya watu wengine, inasifiwa na wageni, na yeye alikuwa anachimba wangu.

Karatasi zako nne nimezipokea. Nilikuwa najua zitakwisha siku moja, sikujua utazimaliza kwa siku tatu.

Jembe la mzee, mpini wake bado ni ule wa mti wa mgandi au umebadilishwa? Na yale mawe ya kona, yapo? Usimwambie mama yako kwamba nimeuliza.

Mjomba wako,
Bonifasi


Nyandira, Mgeta
20 Juni 1993

Filomena,

Nakuandikia Mwembesongo kwa mama yako mdogo Theresia. Dada amenipa anwani. Sikujua kwamba ulishateremka mjini kwenye tuisheni, na nilipofika hapa Ijumaa jioni na kukukosa nilitaka kurudi nilikotoka. Msalimie Theresia, mwambie nimeona picha ya harusi yake na sikumtambua bwana harusi. Dada mzima, mimi mzima. Nusu amenilia kamba ya kiatu.

Nilimuaga Bwana Mbio siku ya Alhamisi. Idrisa alitafsiri: mjomba wangu amekufa, kuna mfereji, kuna kigoda. Yeye alisikiliza, akaingia ofisini, akatoka na pimamaji, ile ya mbao ya kupimia usawa, yenye kioo cha kijani, akanipa iwe yangu. Tukaanza kushikana mikono, basi likapiga honi barabarani. Akasema neno lake. Safari hii lilikuwa na ile maana ya kwanza kabisa, na nililielewa vizuri, nikakimbia.

Nilifika kabla ya barua yangu. Ilikuja siku tano baadaye, na kwa kuwa wewe hupo na dada hasomi, akaniletea mimi nimsomee. Nikakaa jikoni namsomea dada yangu barua yangu mwenyewe. Nilipofika mahali pa majani nikaanza kurukaruka mistari. Dada akasema, "Soma yote." Nikasoma yote. Akachochea moto, akasema, "Mpini ni uleule wa mgandi." Basi.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Nilifika mferejini mapema na jembe la mzee. Kwenye kona nikakuta watani wamenitangulia. Yeremia amekaa katikati ya kipande changu, kitambaa kichwani, analia kwa sauti ya msibani. "Bonifasi wetu," anasema, "alikuwa mtu mwema. Mvivu, lakini mwema. Amefia hapahapa, akifunika majani." Wenzake wanaitikia. Mwanamke mmoja, Cecilia, ananinyooshea kidole: "Na huyu mgeni ni nani, amekuja kuhani?"

Kwa hiyo walijua siku zote, Filomena. Wote. Mimi nimehama mikoa minne kwa siri ambayo watani wanaitungia maombolezo.

Nikamwambia Yeremia, "Marehemu hakuwa mvivu, alikuwa na njaa. Toka kwenye kaburi langu." Akasema hatoki mpaka alipwe kabichi zake za mwaka 1982. Nikamwahidi jogoo. Akataka wawili, mmoja wa kabichi na mmoja wa machozi. Nikakubali, akainuka, akanikumbatia na tope lake lote.

Nikasafisha kipande cha mzee kwanza. Kisha nikaingia kwenye changu. Mawe yapo, ila mzee alikuwa ameyapanga kila mwaka kidogo kidogo, na ukitazama unaona mkono wake unavyozeeka, ya chini makubwa, ya juu madogo. Nikaongeza yangu hapo juu, nikajenga ukingo wa kona kama tunavyojenga mdomo wa kalavati. Wazee wakasimama kunitazama. Nikatoa pimamaji nikaiweka. Yeremia akainama akakichungulia kile kioo, akasema, "Kuna kiputo kimelala katikati. Ndio nini?" Nikamwambia ndio Kiingereza.

Walipofungua maji kule juu tukangoja. Yalikuja na majani makavu mbele, yakafika kwenye kona, yakageuka, yakaenda zake. Halafu Yeremia akafungua daftari, akaandika.

Jumapili wakanikalisha. Kofia ya mzee inanibana. Dada, mkubwa wangu kwa miaka saba, alipiga goti akasema, "Shikamoo, mjomba," akashikwa na kicheko mpaka Cecilia akamtoa nje, na alipoingia kumaliza akacheka tena.

Soma kwa bidii. Mkataba wangu nimeuacha na miezi mitatu ndani yake, Idrisa anasema atanitumia sanduku langu.

Mimi, sijui nisaini vipi


Mwembesongo, Morogoro
21 Novemba 1993

Babu, shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikacheka peke yangu, mama mdogo Theresia akaja kuangalia kuna nini. Huku ni joto, lakini jioni mlima unaonekana wote na mimi huutazama upande wenu. Barua zako za Agosti na Oktoba zilifika, na karoti nazo zilifika, nusu yake zimeliwa na kondakta.

Mtihani nimemaliza Ijumaa. Najua utauliza, kwa hiyo nasema mara moja: neno letu halikutoka. Nilipindua karatasi mbele na nyuma, halimo hata mara moja. Karatasi zangu nne za Padre, mitaro yako yote, pampu, shati la Idrisa, bure. Nilikaa nikitaka kumwita msimamizi nimwambie wamesahau.

Mwishoni wakasema tuandike insha juu ya kazi ya mikono tunayoifahamu. Nikaandika juu ya kona, na mzee aliyepanga mawe, na mtu aliyeongeza yake juu. Kwa kazi nikatafuta neno lake, kwa ukoo lake, kwa barabara lake, kila chombo nikakitoa kwenye msumari wake. La kwetu nikalitumia mara moja, kwa maji, mstari wa mwisho. Wengine walishatoka, mimi bado naandika. Nadhani nimefaulu, babu. Sijawahi kudhani hivyo.

Nikifaulu, chuo ni miaka miwili, na baada ya hapo serikali itanipeleka inakotaka. Mama anasema mkutano wa mfereji umenigawia kipande, cha kwanza chini ya chako. Nimefurahi na nimeogopa. Juni sitakuwepo. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Filomena


Nyandira, Mgeta
5 Desemba 1993

Mjukuu wangu Filomena,

Marahaba. Mvua za vuli zimetupendeza, njegere zinatambaa hadi kwenye kaburi la mwenye jina. Mama yako ameanza kuzoea kuniita mjomba, ila akikasirika ananiita Bonifasi. Yeremia anadai jogoo wa tatu, sikumbuki wa nini. Nusu ni mkubwa sasa, tumeshindwa kumchinja, atazeeka na sisi.

Kipande chako nimekwenda kukitazama. Ni kizuri, udongo mwororo, jiwe moja tu. Umeuliza ufanyeje. Usifanye kitu. Nenda ukasome. Nitasafisha changu, nitakaa, nitavuta tumbaku, ingawa ninaikohoa, halafu nitaingia kwenye chako. Kila Juni nitakuandikia mstari mmoja, na nakuomba usiuruke.

Ila miaka kumi na moja ndiyo mwisho. Mgongo wangu si wa yule mzee.

Babu yako,
Paulo